Magari Madogo na Mkono wa Shiru

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu, Shiru wangu amelala kwa paja langu, niliposikia pip. Pip. Piiii. Halafu injini ndogo tatu zikanguruma kwa pamoja, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe.

Cucu mmoja, bibi mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, ambaye alikuwa ametafuta barua ya kitambulisho cha mjukuu wake mpaka akachoka, aliniona nikiinua kichwa.

"Ni redio tu," akaniambia.

Si redio. Huo mlio nimeishi nao tangu nimalize kidato cha nne. Naujua vile najua kikohozi cha mtoto wangu. Ni gemu ya magari madogo, ile ya zamani ya kaseti, na kwa senta yetu yote mashine ya aina hiyo ilikuwa moja. Yangu. Ile chifu alichukua. Ile aliyoniambia kila Jumatatu kwamba imefungiwa stoo, ni eksibiti, ushahidi wa kesi, na eksibiti haiguswi na mtu.

Basi ilikuwa inaguswa. Mchana kweupe, nyuma ya ofisi, kwa nyumba ya askari, watu walikuwa wanaanza mbio.

Nilikuwa nimevumilia Jumatatu baada ya Jumatatu. Nimekuja na mvua, nimekuja na Shiru akiwa na homa, nimeambiwa kurudi nikarudi, nimesema asante chifu. Asante ya nini, sijui mpaka leo. Nilipousikia huo mlio, asante zikaniishia.

"Shiru, amka," nikamwambia. "Kuna watu wanacheza gemu yako."

Nitawaambia tulichokuta huko nyuma. Lakini kwanza wacha nijibu lile swali, maana kila siku ya soko kuna kijana ananisimamisha: "Mathe, nataka kufungua gemu, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu nikiwa nimebeba viazi. Naandika mara moja, soma, halafu uniache nipite.

Mimi nimestaafu. Cheka ukitaka. Sijafika miaka thelathini na nimestaafu, na hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala keki. Kazi yangu ilikuwa kuchezesha watu gemu ya magari madogo. Sikuchezesha mpira, wala zile za kupigana risasi. Hiyo moja tu, na nilikula nayo, nikazaa nayo, nikalea nayo.

Kwa nyinyi mliozaliwa mkiwa na simu mkononi: ni vigari visivyo na paa, vikatuni vinaviendesha, watu wanne wanashindana kwa TV moja iliyokatwa vipande vinne. Njiani kuna masanduku. Ukigonga sanduku linakupa kitu cha kurushia wenzako. Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi hiyo gemu. Aliye wa kwanza hupewa ganda la ndizi, basi, adondoshe nyuma yake ajikinge nalo. Aliye wa mwisho kabisa ndiye hupewa kombora. Ukiwa mkia, gemu inakupenda. Vijana wazima nimewaona wakisimama juu ya kiti kulalamika, "Ati mimi naongoza napewa ndizi, yule mjinga wa nyuma anapewa silaha? Hii ni haki gani?" Nilikuwa nawaambia wakae chini, mwenye kuitengeneza alijua anachofanya. Shikeni hilo la wa mwisho. Nitalirudia.

Aliyenifundisha kazi ni Anti Wangechi. Alikuwa na saluni Nyeri mjini, juu kidogo ya soko, saluni mbele, gemu nyuma, pazia katikati. Watu walidhani ni vituko. Haikuwa vituko. Mama anayesukwa hukaa mchana mzima, na mtoto wake hawezi kukaa mchana mzima akitazama kichwa cha mamake. Ataanza kulia, atamwaga mafuta, mama ataondoka na nusu ya kichwa. Anti akaweka gemu nyuma ya pazia, na wamama wakaanza kumiminika kutoka mpaka Othaya, kwa sababu kwake tu ndiko mtu angesukwa kwa amani.

Mimi aliniajiri kuosha nywele. Siku hiyo hiyo nikamvuta mteja mpaka akatoa machozi. Anti akaniangalia mikono.

"Nyawira, huu mkono wako ni wa kung'oa magugu. Nywele zitakushinda. Enda huko nyuma kwa watoto."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi. Sikuitwa. Nilifukuziwa huko.

Anti hakuwa anajua kucheza. Alikuwa akishika padi, kile kidude cha kuendeshea gari, anageuka na mwili wote, gari likienda kushoto naye anaenda kushoto mpaka anamwangukia mtoto. Lakini alijua kutunza. Padi zake alizipaka rangi ya kucha, moja nyekundu, moja zambarau, moja nyeupe, moja ile ya kung'aa, ili watoto wasipigane ya nani ni ipi. Kaseti ikikataa kusoma, watu wote duniani huipuliza. Anti alikuwa akikuona unapuliza anakuchapa na kitana. "Mate hayo! Chuma inaoza!" Pamba, tone la spirit ya duka la dawa, unapangusa polepole, unaacha ikauke. Mpaka leo nikiona mtu anapuliza kaseti nahisi kitana kwa mgongo.

Na stima ikipotea, umeme ukizima, usikae hapo ukingoja kama mgeni. Chomoa. Stima ya huku haitoki vibaya, inarudi vibaya, na nguvu ya kuunguza mashine.

Halafu kulikuwa na padi ya tano, ambayo haikuchomekwa popote. Hiyo ilikuwa ya watoto wadogo kabisa, wa kunyonya kidole. Unampa, anabonyeza, anaona gari kwa TV linakimbia, ameridhika. Kuna mtoto mmoja aliitumia hiyo mpaka mamake akaja kumwuliza Anti, kwa majivuno, mbele ya wateja: "Mtoto wangu anasema hapa yeye ndiye wa kwanza kila siku. Hamna hata zawadi ya kumpa?"

Anti akaendelea kusuka. "Mama, inamisha kichwa kidogo," akamwambia. "Kichwa cha mama ya bingwa ni kigumu."

Makosa? Ninayo. Mashine yangu ya kwanza kununua kwa pesa yangu niliipata kwa mtu wa mitumba pale Nyeri, safi, imefungwa kwa karatasi yenye maandishi ya Japani. Nikaifikisha nyumbani, nikaichomeka kwa ukuta. Ilitoa harufu ya plastiki, ikatoa moshi mdogo, ikanyamaza. Mashine ya Japani inakunywa stima kidogo kuliko yetu, inataka kisanduku cha kupunguza. Nilimpelekea Anti nikilia.

Akainusa. "Umeipika," akasema. "Chumvi uliweka?"

Kwa hivyo geuza mashine yoyote, soma mgongo wake kabla ya kuichomeka. Usione aibu kuuliza muuzaji. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, hiyo mashine ni mbovu.

Kosa lingine lilikuwa Wang'uru. Nilikwenda huko kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa mchele, Mzee Njogu, alitaka mtu wa kumchezeshea gemu karibu na kinu chake, na alilipa vizuri. Hakuna aliyeniambia kuhusu makapi. Kinu kikianza kukoboa mpunga, hewa yote inakuwa ya vumbi la dhahabu, linaingia puani, kwa chai, na kwa mashine. Mashine yangu, ile niliyonunua baada ya kupika ya kwanza, ikaanza kukohoa katikati ya mchezo. Nikaifunika na leso. Ikapata joto, ikazima. Nikaifunua, ikala makapi tena. Mwishowe nilikata soksi ya nailoni, ile ya kanisani, nikaivalisha pale inapopumulia. Vumbi likakaa nje, hewa ikaingia. Hiyo mbinu hujaisoma popote, na leo umeipata bure.

Wakati wa mavuno wanaume wazima walikuwa wanaingia na matope mpaka magotini, wanakaa kwa magunia wanapiga kelele kama watoto wa Anti. Babake Shiru alikuwa mmoja wao. Alikuwa mchezaji hodari, anapinda kona bila kushika breki. Shiru akazaliwa, uzazi ukawa mgumu, na mkono wake wa kulia ukabaki umefungwa ngumi. Daktari akatuita wawili, akatueleza. Yule mtu alisikiliza, akasema anaenda kununua maziwa. Kona hiyo pia aliipinda bila breki. Sina lingine la kusema juu yake.

Nilirudi kwa mama, kijijini Gakindu. Msimu wa kahawa nilichuma kahawa na mtoto mgongoni. Kila mara tukienda kliniki Nyeri, dada wa mazoezi ya viungo alikuwa ananiambia neno moja: "Mkono huu upewe kazi. Kazi ndogo, kila siku, anayoipenda. Ukiulazimisha utajifunga zaidi."

Nikajaribu kila kitu. Tulipukuchua mahindi, akalia. Nilimpa unga akande, akalia. Nilimpa kahawa mbivu, nyekundu nzuri, aokote moja moja atie kwa kikombe, akatumia mkono wa kushoto na ule wa kulia akaukalia. Kweli, aliukalia. Alikuwa anauficha kama mtu anayeuonea haya, na bado hajajua hata kusema vizuri.

Nilipofungua gemu yangu mwenyewe kwa senta yetu, senta nitakayoiacha bila jina, wenyewe wanaijua, alikuwa anashinda na mimi humo ndani. Siku moja akataka kucheza. Padi zangu nilikuwa nimezipaka rangi ya kucha kama za Anti, na ya tano, mbovu, isiyochomekwa, pia ninayo; nilikuwa karibu kumpa hiyo. Niliishika kabisa. Halafu nikamfikiria yule bingwa wa Anti, na vile siku moja atakuja kujua hakuwa anaendesha chochote, nikairudisha chini.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaodhani kazi hii ni kukaa na kukusanya hela. Gemu hiyo inahitaji vitu vitatu: kukanyaga mafuta, kupinda, na kurusha. Kupinda ni mkono wa kushoto. Shiru anao. Kukanyaga mafuta ni kubonyeza kitufe kimoja na kukishikilia mbio nzima. Nikakata kipande cha slipa ya zamani, nikakiweka juu ya kitufe, nikakibana kwa raba mbili zile ndogo tunazogawia nywele saluni. Mafuta yakawa yanakanyagwa yenyewe. Ikabaki kurusha. Kitufe cha kurusha kiko juu, begani mwa padi, upande wa kulia. Hiyo ndiyo kazi niliyouachia mkono wa kulia. Kazi moja tu. Ufungue kidole kimoja, ubonyeze.

Alishika padi nyekundu. Akawa wa mwisho, bila shaka. Na kwa sababu alikuwa wa mwisho, akapewa kombora. Kubwa, linawaka kwa kipande chake cha TV, linangoja. Wale vijana watatu wa mbele wanajua liko hapo, wanapiga kelele, "Shiru usirushe! Shiru tafadhali!" Akaangalia kombora. Akauangalia mkono wake. Ulichukua muda mpaka mbio zikaisha, wote wakimngoja. Hakurusha siku hiyo.

Lakini kesho yake alikuja mwenyewe akakaa. Na keshokutwa. Kila siku anakuwa wa mwisho, kila siku gemu inampa kitu kizuri kuliko cha wote, na kila siku kile kidole kinajaribu. Siku kilipofunguka, kombora likaenda, likampata dereva wa boda aliyekuwa anaongoza, gari lake likaruka juu likaanguka kichwa chini. Yule dereva alijitupa sakafuni akajifanya amekufa. Shiru alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje kujifanya namwaga maji.

Dada wa mazoezi alipouona huo mkono baadaye akaniuliza, "Unampeleka wapi?" Nikamwambia. Akasema nisibadilishe kitu, niendelee hivyo hivyo mpaka vidole vyote vifuate.

Sasa kosa langu kubwa la kazi, na hili mlishike kuliko yote. Kwa Anti, na Wang'uru, na kila gemu niliyowahi kuingia, desturi ni moja: aliyeshindwa ndiye analipia mchezo. Mnaijua. Inaleta amani, kwa sababu aliyeshinda anabaki na padi na hakuna ubishi. Pesa inaenda kwa mwenye gemu. Hakuna anayebeba pesa ya mwenzake. Nilifanya hivyo kwangu bila kufikiria mara mbili.

Wakati huo chifu alikuwa anakusanya zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu. Nilifurahi. Ile iliyokuwa kwa baa jirani ilikuwa inakula karo za watu, na siku walipoibeba nilisimama kwa mlango nikapiga makofi. Bado mikono iko juu hivi, wakaingia kwangu.

"Chifu, hii si kamari," nikasema. "Hii ni gemu ya watoto."

"Mtu akishindwa analipa?"

"Analipa mchezo, lakini..."

"Na akishinda halipi?"

"Ndiyo, lakini chifu..."

"Basi." Akawageukia askari. "Bebeni na hiyo."

Neno "lakini" sikuwahi kulimaliza. Walibeba mashine, padi zote nne, kaseti ikiwa ndani. Nilimwomba aniachie padi moja tu, nikamwonyesha raba, nikamwonyesha mkono wa mtoto. Akasema eksibiti haigawanywi. Kwa hivyo, kijana, ukifungua yako, kila mtu alipe yake kabla hajashika padi, aliyeshinda na aliyeshindwa. Wateja watanung'unika. Waache.

Mtasema, si ungenunua nyingine? Nilitafuta. Fundi wa Nyeri aliniambia padi za aina hiyo hazipatikani tena, na hizi mpya vitufe vya kukanyaga viko nyuma, vinataka vidole vya mikono miwili. Simu nilimpa. Akaitelezesha na mkono wa kushoto, ule wa kulia akaukalia.

Aliukalia tena. Niliona hivyo jikoni kwa mama, nikaacha kupika. Kile kidole kilichokuwa kimefunguka kikaanza kurudi ndani, kidogo kidogo, na kliniki yule dada akaushika, akaugeuza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mlisimamisha mazoezi?" Nikasema yamefungiwa stoo kwa chifu. Hakuelewa. Mimi pia sikuwa naelewa.

Basi turudi nyuma ya ofisi.

Mlango ulikuwa wazi. Askari watatu, kofia ziko kwa meza, TV yao, mashine yangu. Soksi yangu ya nailoni bado imeivaa. Yule mrefu ndiye alikuwa ameshika padi nyekundu.

"Mathe, ofisi iko huko mbele," akasema bila kugeuka.

"Ofisi naijua. Hiyo si ni eksibiti?"

"Tunaitesti tu."

"Mmeitesti mpaka raundi ya tatu?"

Wenzake wakacheka. "Ngoja amalize, mathe, anaongoza," mmoja akasema. "Hii siku haijawahi kuonekana."

Shiru alikuwa ameingia chini ya mkono wangu. "Mama," akasema, "padi yangu haina raba."

Nikaangalia. Hakuna raba. Hakuna slipa.

"Afande, raba iko wapi?"

"Raba gani? Aa, ile takataka!" Sasa akageuka. "Nyinyi watu wa gemu ni wajanja sana. Gari linaenda lenyewe bila kubonyeza, ati mtu asijue. Huo ni wizi, mathe. Nikaikata na wembe nikatupa."

Nikaangalia sakafuni kama kipande cha slipa kiko hapo. Na yule afande, nitasema ukweli, hakuwa mtu mbaya wa moyo. Alimwona mtoto anaitazama padi akamhurumia. "Haya toto, kuja. Usilie. Cheza na sisi."

Akamnyooshea padi nyekundu, yeye akachukua ile ya nne. Ningemzuia. Lakini Shiru alikuwa ameshaikimbilia.

Pip. Pip. Piiii. Magari matatu yakaenda. La Shiru likakaa. Akaangalia kitufe cha mafuta, akakibonyeza na mkono wa kushoto, gari likaenda moja kwa moja likagonga ukuta, kwa sababu mkono wa kupinda ndio huo umekanyaga mafuta. Akakiachilia apinde, gari likasimama. Akakanyaga tena, ukuta tena. Lakini karibu na ukuta kulikuwa na sanduku, na gari lake likaligusa. Gemu ikafanya vile imefanya siku zote. Ikamwona yuko mkia, ikampa kombora.

"Toto ako na kombora!" afande akapiga kelele, amefurahi kabisa. "Nirushie! Niko wa kwanza, nirushie!"

"Rusha, toto! Mmalize!"

"Rusha! Rusha!"

Wote watatu wanamshangilia. Shiru akauinua ule mkono wa kulia akauweka juu ya bega la padi. Ngumi. Akaisukuma kwa kitufe, ikateleza. Akaisukuma tena. Akajaribu kukivuta kile kidole nje kwa meno. Kwa meno, mnasikia? Na wao bado wanasema rusha, hawajui, wanadhani anaona haya.

Nilivuta waya wa TV mpaka plagi ikatoka na kipande cha plasta ya ukuta.

Kilichotoka mdomoni mwangu baada ya hapo sitakiandika, mama yangu atasoma hii. Foleni yote ilihama kutoka mbele ikaja nyuma. Chifu alikuja mwisho, akiwa na kalamu mkononi.

"Nyawira, umeharibu eksibiti."

"Nimeharibu?"

"Naweza kukufungia sasa hivi."

"Nifungie. Nifungie kwa hiyo hiyo stoo. Naona waliofungiwa huko hutolewa mchana kuchezeshwa."

Kuna mtu alicheka. Chifu akasema niondoke na nirudi Jumatatu nikiwa nimetulia. Ni yule cucu wa barua ya kitambulisho aliyenishika mkono na kunitoa. Alikuwa ameacha nafasi yake kwa foleni.

"Huyu usimrudie," akaniambia. "Enda Nyeri, kwa walio juu yake. Andika. Hapa kwa benchi utazeeka kama mimi."

Nikaenda Nyeri. Niliyoandika mara ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko hii mnayosoma, na karani wa mapokezi, dada wa rika langu, aliisoma yote akiwa amesimama. Akanirudishia.

"Dada, humu kuna matusi mazuri sana, mengine sijawahi kusikia," akasema. "Lakini yatamwokoa yeye na kukuponza wewe. Andika kilichofanyika. Na uandike unataka nini. Hapa hujaandika unataka nini."

Nikakaa kwa ngazi za nje nikajiuliza nataka nini. Biashara siitaki tena. Sitasimamia watu gemu maisha yangu yaliyobaki. Chumba nimeshakirudisha kwa mwenyewe na sasa kuna mtu anauza mayai humo. Kuombwa msamaha sitaki, msamaha wao nitaupeleka wapi. Shiru alikuwa amekaa ngazi ya chini yangu, mkono wa kulia ameukalia.

Niliandika upya hapo hapo. Karani akaipiga muhuri mbele yangu, nakala moja kwao, nyingine kwangu. Jibu bado. Nawawekea hapa vile ilivyo, ili siku mtu akiwachukulia kitu chenu mjue namna ya kuandika.

*

Kwa Afisa Mhusika,

MINTARAFU: MALALAMISHI KUHUSU PADI YA MTOTO ILIYOKATWA IKIWA MIKONONI MWA OFISI YA CHIFU

Mimi ni Nyawira, mama wa Shiru. Chifu wa kata yetu alichukua mashine yangu ya gemu ya magari madogo akisema ni ya kamari. Niliambiwa imefungiwa stoo na haiguswi. Mimi mwenyewe nimewakuta askari watatu wakiicheza mchana, saa za kazi.

Katika padi nne kulikuwa na moja iliyopakwa rangi ya kucha nyekundu, na juu yake kipande cha slipa kilichobanwa kwa raba mbili. Haikuwa ya wizi. Ilikuwa ya mtoto mwenye mkono mmoja uliojifunga ngumi. Kwa padi hiyo alikuwa ameanza kuufungua. Nilieleza hivyo siku ilipochukuliwa na sikusikilizwa. Sasa raba imekatwa na mkono umeanza kurudi.

Kuhusu mashine, waya wa TV niliouvuta, na kesi ya kamari, nitajibu siku yoyote nitakayoitwa. Ninaomba mambo mawili.

La kwanza, padi nyekundu na mashine yake virudishwe kwa mtoto, si kwa biashara. Biashara nimefunga.

La pili, afande aliyeikata raba aje kliniki siku moja, akae karibu na mtoto wakati vidole vinafunguliwa kwa mkono, na amwambie tena: "Rusha."

Wako,
Nyawira, mama Shiru.